Nimeandika "will", mfadhili kaweka "would". Sasa mhazini analeta risiti au haleti?

KatibuMuhtasari (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, tuko wanachama 28. Kuna shirika linatuongezea mtaji, na sharti lao ni muhtasari wa kila kikao upelekwe kwao kwa Kiingereza. Kikaoni tunaongea Kiswahili, daftarini naandika Kiswahili, nikifika nyumbani nageuza. Mwaka mzima sijasikia malalamiko.

Sasa wameleta afisa mpya. Muhtasari wa mwezi uliopita umerudi una wino mwekundu kama mtihani wa Kidato cha Pili. Niliandika hivi:

The treasurer said that she will bring the receipts.

Kakata "will", kaweka "would", pembeni kaandika nifuate kanuni. Kanuni gani, hakusema.

Mimi shuleni nilifundishwa kwamba "would" ni -nge-. I would go, ningeenda. Kwa hiyo "she would bring the receipts" ni "angeleta risiti", yaani haleti! Mama wa watu kasema ataleta, nikimwandika angeleta si nitakuwa namsingizia mbele ya mfadhili?

Kuna mengine mawili kayazungushia. Mwenyekiti aliuliza "Nifunge kikao?", nikaandika "The chairman asked if he will close the meeting". Kaweka "should". Na mjumbe mmoja alisema "Sidhani kama wanachama watakubali", nikaandika "I don't think if members will agree". Hapo kafuta "if" tu, bila neno.

Mwenye ujuzi anisaidie, Ijumaa narudisha.

NyukiMkali

Risiti za kikundi zinakaaje nyumbani kwa mhazini? Anzia hapo mkuu, Kiingereza baadaye.

KalamuNyekundu

Katibu, afisa wako hajakosea, ila ni mvivu wa kueleza. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 19 na hilo kosa lako nimelisahihisha hadi naliota.

Chanzo ni Kiswahili chako, ambacho ni kizuri tu. Mhazini alisema "nitaleta". Wewe ukiyapeleka maneno yake kwa mwingine unabadilisha nafsi: "alisema ataleta". Ile -ta- inabaki, kwa sababu Kiswahili kinahesabu wakati kuanzia pale mhazini alipofungua mdomo. Siku ile kuleta kulikuwa mbele yake, basi -ta-. Kiingereza kinahesabu kuanzia alipokaa mwandishi. Kikishatamka "said", kinachofuata nacho kinavutwa hatua moja nyuma. Will inakuwa would, can inakuwa could, may inakuwa might. Zile ambazo zimeshakaa nyuma tayari, yaani would, could, might, should na ought to, hazina pa kurudi, zinabaki zilivyo.

Kwa hiyo kuna would mbili zilizovaa sare moja. Moja ni will iliyorudi nyuma, na hiyo kwa Kiswahili ni -ta- ile ile. Nyingine ni ya sharti, na hiyo ndiyo -nge- uliyofundishwa. Tatizo ni kwamba walikufundisha ya pili wakakuachia ya kwanza uokote njiani.

Mfadhili akisoma "she said that she would bring the receipts" hafikirii kabisa kwamba mama haleti. Anaelewa ameahidi.

ZiwaKuu

Mwalimu, hapo kwa Kiswahili umeniacha kidogo. Sisi huku Kenya kwa usemi wa taarifa tulifunzwa kuwa -ta- hugeuka -nge-. "Nitakuja kesho" inakuwa "Alisema kwamba angekuja siku iliyofuata". Ukiandika "atakuja" kwenye karatasi ya mtihani unapoteza alama. Kwa hivyo kwangu mimi would na -nge- ni pacha, na katibu hana cha kuogopa.

KalamuNyekundu

Nimeviona vitabu vyenu vya marudio, najua. Sibishani na msahihishaji wa mtihani, maana kalamu iko mkononi mwake. Lakini nenda Tanga au Unguja umsikilize mtu akimwambia jirani, "Kasema angekuja." Jirani atauliza, "Kwani kimemzuia nini?" Hakuna anayeelewa hapo kwamba mgeni yuko njiani. Mimi naona hiyo kanuni ilitoroka darasa la Kiingereza ikaja kwetu imevaa kanzu.

ZiwaKuu

Hata mimi nyumbani nasema "alisema atakuja". Lakini alama ni alama, mwalimu.

Swali langu: mbona magazeti ya Kiingereza yanaandika "the minister said the road will be completed" kila siku? Nao wote hawakusoma?

KalamuNyekundu

Wamesoma. Jambo likiwa bado liko mbele siku unapoandika, na wewe mwandishi huoni sababu ya kujitenga nalo, "will" inaruhusiwa. Gazeti linasomwa asubuhi na mchana limefungiwa vitumbua, barabara bado iko mbele. Muhtasari wa kikao unasomwa mwakani na mkaguzi wa hesabu. Wakati huo "will bring" itamfanya aulize risiti zinakuja lini. Ndiyo maana kwenye muhtasari would ni salama zaidi. Katibu, hukukosa kama ulivyoambiwa, ila afisa ana hoja.

NyukiMkali

Gazeti la vitumbua limenigusa. Endeleeni.

MkalimaniMstaafu

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Naona wote mmekishikilia kinachokuja baada ya "said", na kinachokuja kabla yake hakuna aliyekigusa. Na hicho ndicho kinachofunga watu.

Nimefanya kazi mahakamani miaka ile shahidi anaongea Kiswahili na hakimu anaandika mwenendo wa shauri kwa Kiingereza. Siku hizi, tangu sheria ya Tanzania ibadilishwe 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, lakini zamani hizo sentensi ya shahidi ilikuwa Kiingereza kabla hajameza mate. Chukueni hizi mbili:

Lazima alisema anaondoka.
Alisema lazima aondoke.

Neno ni lile lile, "lazima", limehama kiti tu. Kwenye ya kwanza shahidi hakusikia kitu. Anakisia. Kiingereza chake ni "He must have said that he was leaving". Kwenye ya pili alikuwepo na alisikia: "He said that he had to leave". Moja ni dhana ya shahidi, nyingine ni kauli ya mshtakiwa. Nimewahi kuona ya kwanza imeandikwa kama ya pili, na wakili wa upande wa pili akaishikia bango asubuhi nzima. Alikuwa na haki.

Kwa hiyo kabla ya kurudisha chochote nyuma, angalia hicho kitenzi kisaidizi kimekaa upande gani wa kitenzi cha kusema. Kikikaa baada, ni mali ya aliyesema: ni ahadi yake, uwezo wake, hofu yake, ruhusa aliyopewa. Hapo ndipo maelezo ya mwalimu yanafanya kazi. Kikikaa kabla, ni mali yako wewe unayeripoti. Unapima uhakika wako kama mtu alisema au hakusema, na hakuna cha kurudisha nyuma hapo. Unachohitaji ni "have" na umbo la tatu la kitenzi:

He may have said it. Huenda alisema.
He must have said it. Lazima alisema, sioni njia nyingine.
He can't have said it. Haiwezekani awe alisema.

Ya tatu ndiyo inayoangusha wengi. Kinyume cha must ya kukisia ni can't. Wamarekani utawasikia wakisema "he must not have said it" na kwao ni sawa, ila kwa Kiingereza tulichorithi shuleni ni can't.

Na mustn't yenyewe ina shimo lake. "They said we mustn't pay" ni "walisema tusilipe". "They said we didn't have to pay" ni "walisema si lazima tulipe". Ukilipa katika ya pili umelipa kwa hiari yako, ukilipa katika ya kwanza umevunja amri. Watu wetu wanaona must ni lazima, not ni si, wanaunganisha, wanapata "si lazima". Hesabu iko sawa na jibu si sahihi.

MamaWaWawili

Mzee, hiyo must kwa nini haina wakati uliopita kama wenzake? Can ina could, will ina would, hii yatima.

MkalimaniMstaafu

Yatima kweli, binti yangu. Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na kitenzi "motan", na wakati uliopita wake ulikuwa "moste". Mzazi akafa, mtoto akabaki akashika nafasi ya mzazi. Must tunayoitumia leo ni umbo la wakati uliopita lililohamia wakati uliopo, kwa hiyo halina tena pa kurudi. Ought nayo ni hivyo hivyo, ilikuwa wakati uliopita wa kitenzi kilichotupa "owe", kudaiwa.

Ndiyo sababu must ukiiripoti unaazima. Ikiwa ni amri ya wakati ule, "had to". Amri inayotazama mbele, "would have to". Ikiwa ni ya kukisia usiiguse kabisa: "She said I must be tired", alisema lazima nimechoka. Ukiweka "had to be tired" utachekwa.

Na will zamani ilikuwa "kutaka". Msicheke, -ta- yetu nayo imetoka kwenye taka. Ndiyo maana hadi leo unasema "atakuja", lakini ukiweka kirejeshi inajitokeza yote: "atakayekuja".

KalamuNyekundu

Shikamoo mzee. Miaka 19 ya chaki na hilo la atakayekuja sikuwahi kuliunganisha na will.

Niongeze kidogo: ile L kwenye could haina asili. Can zamani ilikuwa "kujua", na wakati uliopita wake haukuwa na L. Iliingizwa baadaye kwa kuiga would na should, ambazo zina haki nayo kwa sababu ya will na shall. Kwa hiyo mwanafunzi wangu aliyekuwa akiandika "coud" nilimchapa bure.

MkalimaniMstaafu

Marahaba.

KalamuNyekundu

Narudi kwenye kosa la pili la katibu maana limesahaulika. "Nifunge kikao?" Hapo mwenyekiti hatabiri, anaomba kuelekezwa, na Kiswahili kinaonyesha hilo kwa ile -e mwishoni: nifunge, nianze, niwaite. Kiingereza hakina -e hiyo, kinatumia shall: "Shall I close the meeting?" Ukiiripoti shall hiyo inakuwa should. "The chairman asked if he should close the meeting", aliuliza kama afunge kikao. Angeuliza "Nitamaliza saa ngapi?" ingekuwa would.

Mimi darasani nilikuwa nawaambia: ukisikia -ta-, fikiria would. Ukisikia -e, fikiria should, au "to" kama kuna mtu anayeambiwa. "Aliniambia nilipe", he told me to pay, au he said I should pay. Haitakuangusha mara nyingi.

Tena inakuokoa kwenye hii:

She insisted that he paid.
She insisted that he should pay.

Ya kwanza ni "alisisitiza kwamba alilipa", anamtetea. Ya pili ni "alisisitiza alipe", anamdai. Watu wazima wenye shahada wanaandika ya kwanza wakitaka ya pili. Kwenye kikundi cha mikopo hapo mtagombana.

La tatu ni fupi. "Sidhani kama" ni Kiswahili safi, lakini hiyo "kama" haivuki mpaka. Think haipokei if. "I don't think members will agree", basi. Na kwa kuwa unaripoti: "He said he didn't think members would agree".

DadaMapokezi

Jamani mimi si mwalimu, niko mapokezi kwenye hoteli moja ya pwani. Hayo ya mzee kuhusu kitenzi kukaa kabla ya kusema yamenikumbusha siku niliyochekwa na meneja.

Alikuja mgeni Mwingereza, mzee mpole, anatabasamu. Akaniambia, "I would have thought breakfast was included." Mimi nikasikia "ningekuwa nimefikiri kifungua kinywa kimo". Nikajiuliza, angefikiri kama nini? Nikamjibu kwa heshima, "Okay sir, no problem." Akanitazama, akaondoka. Kumbe kalalamika! Jioni kaandika barua ndefu kwa meneja, kwamba mapokezi hawajali.

Meneja ndiye aliyenieleza kwamba hiyo ni namna yao ya kusema "hivi nyie mnawezaje kutoza chai pembeni?" lakini kwa upole. Toka hapo nimeanza kuwasikiliza vizuri. "I must say, the room is rather small": hakuna aliyemlazimisha kusema. "May I ask who told you that?": haombi ruhusa, amekasirika. "I should think so": anakubali kabisa.

Mzee Mkalimani, hizi nazo tunaziwekaje kwa Kiswahili?

MkalimaniMstaafu

Umeleta kitu kitamu. Hapo msemaji anaripoti maneno yake mwenyewe, na kile kitenzi kisaidizi anakiweka kama mto chini ya kitu kizito, kisigonge.

Usitafsiri neno kwa neno, utapata ulichopata. "I would say he is forty" ukisema "ningesema ana miaka 40", Mswahili anasubiri sharti: ungesema, kama nini? Sisi tunasema "naona ana kama miaka 40", "kwa kumkadiria". Ile "naona" na ile "kama" zimeshafanya kazi ya would. "I must say" ni "niseme ukweli", au "sina budi kusema" ukiwa na tai. "I must admit", "nikiri". Angalieni tena ile -e ya mwalimu: niseme, nikiri. Kiingereza kinajilazimisha kwa must, sisi tunajiruhusu kwa -e.

"I would like to inform you" ndiyo imeingia kwetu moja kwa moja: "ningependa kuwajulisha". Hiyo kila mgeni rasmi anayo, na haina sharti lolote. Akishasema angependa, anajulisha, tena kwa saa nzima.

Na wakikwambia "I was wondering if you could call a taxi", usijibu kana kwamba ni habari ya jana. Wakati uliopita hapo ni adabu tu. Usishangae, hata wewe dukani unasema "nilikuwa naomba kilo moja ya sukari" na bado unaiomba sasa hivi.

DadaMapokezi

Hiyo ya sukari nimecheka peke yangu hapa kaunta. Asante mzee.

MwakaWaTatu

Samahani kwa kudandia uzi. Msimamizi wa utafiti wangu kila nikiandika "This proves that" anakata anaweka "It could be argued that". Nimeanza kuiweka kila aya, sasa anakata na hiyo. Nimchukulieje?

KalamuNyekundu

Mchukulie vizuri. "It could be argued that" maana yake mtu anaweza kutoa hoja hiyo, si lazima awe wewe. Msomaji anangoja useme kama unaikubali. Ukiweka moja na baada yake hoja yako, umefanya kazi. Ukiweka kila aya, umejaza ukumbi wasemaji wasio na majina na wewe umejificha nyuma yao. Na "it must be said that" usiitumie mpaka uwe na jambo ambalo kweli hukutaka kulisema.

ZiwaKuu

Mwalimu, hii nimeibandika kwa ukuta.

KatibuMuhtasari

Wakuu, nimerudi. Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Lile la upande gani wa kitenzi limenifungua macho kuliko miaka yote ya shule. Nimesahihisha la mwenyekiti na la mjumbe.

Sasa sikilizeni. Kabla ya kuandika "would bring" nikasema ngoja niangalie daftari, mhazini alitamka nini hasa. Nimekuta nimeandika kwa mkono wangu: "Mhazini: ningezileta leo ila mwenye duka kasafiri."

Ningezileta! Hakusema ataleta. Mimi ndiye niliyemwahidia.

KalamuNyekundu

Basi will yako ilikuwa kosa na would ya afisa nayo ni kosa, ingawa hakuwa na namna ya kujua. Hapo ni "The treasurer said that she would have brought the receipts that day, but the shopkeeper had travelled". Na leo inakuwa "that day", usiache "today".

MkalimaniMstaafu

Na usiongeze ahadi ambayo hakuitoa. Muache hapo hapo alipojiacha.

NyukiMkali

Mimi niliuliza tangu mwanzo mkanipita. Risiti zimekuja?

KatibuMuhtasari

Bado.